Mkia wa Barua ya Rispa

Nyinyi mnaofanya kazi za kompyuta siku hizi mna raha, na sisemi hivyo kwa wivu. Haya, wivu kidogo upo. Mtu anaandika ujumbe akiwa bado kitandani, anautuma kabla hajanawa uso, na hajui umepita wapi wala nani ameuchungulia njiani. Binti yangu Ciku akiniona nikiisoma barua yangu mara tatu kabla ya kuituma hunicheka. "Mum, si utume tu!" Mimi situmi tu. Kuna siku nilituma tu, na mwanamke mmoja nusura arudishwe kwa mtu aliyemvunja mkono. Vijana wa kanisa letu hapa Kabiria mmeniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, na badala ya kukaa hapa kujisifu, nimeona niwaandikie juu ya hilo.

Nilianza kama mpiga chapa, mjini kule chini karibu na River Road, kwa mashine ya mkono iliyokuwa na herufi moja inayonata. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, wateja wa mashine wakaisha. Bwana mmoja kwa jina Mwaura akafungua saiba, duka la kulipia kompyuta na intaneti, orofa ya tatu ya jengo lililonuka samaki mchana kutwa kwa sababu ya hoteli iliyokuwa chini. Kompyuta nane. Aliniajiri kwa sababu ya kasi ya vidole vyangu, maana ya kompyuta yenyewe sikujua hata moja.

Wateja wetu wengi hawakuwa wanajua kuandika barua pepe. Mtu alikuja na anwani kwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nane, akaketi kando yangu, akasema, mimi nikaandika. Nilijua mambo ya watu kumshinda pasta. Nilijua nani ameachwa, nani anadanganya ndugu yake Amerika kwamba nyumba imefika lenta ilhali hata msingi haujachimbwa. Na kazi kubwa kuliko kuandika ilikuwa kunyamaza. Nikitoka pale saa kumi na moja, nilikuwa nayaacha yote kwa kile kiti.

Makosa nilifanya, tena ya kuchekesha. Kulikuwa na fundi mmoja wa magari, mtanashati kweli kweli, aliyekuwa na wapenzi wawili wanaofanya kazi maofisini. Akaniambia, "Madam, andika barua moja, tamu, tuma kwa wote. Usiweke jina, weka mpenzi." Nikaandika ikatoka tamu, hata mimi nikatamani ningeandikiwa. Halafu nikaziweka anwani zote mbili mstari mmoja, sambamba, mchana kweupe. Kila mmoja akaona jina la mwenzake. Siku ya pili walikuja wote wawili pamoja, wameshikana mikono utadhani dada, wakamngoja pale mlangoni. Yule fundi alipowaona alishuka ngazi kwa kasi ambayo sijaiona tena. Wale wasichana mpaka leo ni marafiki, na mmoja alinialika harusini.

Aliyenifundisha kwamba kuna sehemu ya kuweka jina ambapo mwingine haoni ni Mzee Kioko. Huyu alikuwa amestaafu kwenye mitambo ya simu, na Mwaura alimchukua aangalie nyaya zetu. Alikuwa mwembamba, mpole, na shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni hata kwa joto. Aliniambia kwamba ujanani alikaa miaka kwenye chumba ambamo mazungumzo ya mji mzima yalikuwa yanapita, na mtu akitaka, anaweka kipokeo sikioni, anasikia. "Wengi walikuwa wanasikiliza," alisema. "Mimi pia nilisikiliza, mara moja. Nilisikia mama akiambiwa mtoto wake amekufa, kabla baba yake hajajua. Sikurudia." Tangu siku hiyo, alisema, alianza kujifunza namna ya kuwaziba wasikilizaji masikio.

Ni yeye aliyegeuza meza zetu ili skrini zielekee ukuta, maana Nairobi ina watu wenye shingo ndefu. Ni yeye aliyenifundisha kufuta kila kitu mteja akiinuka. Na ni yeye aliyenionyesha kwamba barua pepe ina mgongo. Mbele unaona jina na maneno, lakini mtu anayejua akiigeuza anaona imetoka kwa kompyuta gani, mji gani, saa ngapi. Mimi nilishtuka. Miaka miwili nilikuwa nawatumia watu siri zao, kumbe kila siri imebeba ramani.

"Kuna dawa," Mzee Kioko alisema. Huko ng'ambo kulikuwa na watu wa kujitolea walioendesha kompyuta za kupitishia barua. Unaituma barua kwao, si kwa mwenyewe. Wao wanaivua jina na kuivua mgongo, wanaikalia makusudi saa tatu nne hivi ili anayechungulia asilinganishe iliyoingia na iliyotoka, kisha wanaisukuma mbele. Inamfikia mwenyewe ikiwa imetoka kwa mtu asiye na jina.

Lakini ilikuwa na masharti yake, na mashine haina huruma. Mstari wa kwanza kabisa unaweka koloni mbili zinazofuatana, zikiwa peke yake. Mstari wa pili amri ya kupeleka mbele, na anwani ya mpokeaji wa kweli. Mstari wa tatu amri ya kukata: unaiambia ikiona vistari viwili mahali fulani, ikate vyote vilivyo chini yake. Halafu unaacha mstari mmoja mtupu. Ukisahau huo mtupu, barua yote inamezwa ikidhaniwa ni anwani. Baada ya hapo ndipo unaandika, na ukimaliza unaweka vile vistari viwili. Mzee Kioko aliniandikia haya kwa penseli na kuyabandika kando ya kompyuta yangu.

"Ya kukata ni ya nini?" nilimuuliza. "Nani ataandika kitu halafu akikate?"

"Ni ya mkia," akasema. "Kompyuta nyingine hubandika maneno chini ya barua yenyewe tu, hata hujaiambia. Jina la kampuni, simu, mahali. Hao wa ng'ambo wanavua kichwa. Mkia ni juu yako."

Mimi nikaona ni maneno mengi. Kompyuta zetu hazikuwa na mkia. Baada ya wiki chache nikawa naruka mstari wa tatu, nikijiambia naokoa wakati. Mkumbuke hapo.

Rispa alikuja Alhamisi moja baada ya saa nane. Alikuwa msichana wa kazi Lavington, nyumba ya ukuta mrefu na bawabu wawili, na Alhamisi mchana ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Alikuwa wa kama miaka thelathini, mtu wa Bungoma, anayecheka akiziba mdomo. Mkono wake wa kulia vidole viwili havikukunjika. Hakuniambia siku hiyo. Aliniambia siku ya tatu, huku akitazama kibodi: mume wake alimfinyia mkono kwa mlango, makusudi, akaegemea. Alienda kuripoti, akaambiwa mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Alipotoroka hakuweza kumbeba mtoto, kwa sababu mtoto alilazwa katikati ya baba na nyanya.

Huyo mtoto aliitwa Nafula, miaka tisa.

"Nataka tu ajue sikumwacha," Rispa aliniambia. "Wanamwambia nilimwacha. Madam, mtoto akikua na hiyo maneno kwa kichwa, hata nikimpata baadaye nitakuwa nimempoteza."

Simu hangeweza. Nyumbani kwa mwajiri kulikuwa na simu mbili kwa laini moja, na mama mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuinua ile ya chumbani. Barua ya posta ingeishia kwa sanduku la shule ambalo nyanya alikuwa na njia zake za kulifikia. Lakini kulikuwa na mwalimu wa Nafula, mwanamke mwenye roho, na mwalimu huyo alikuwa na barua pepe. Alikuwa anaisomea kwa saiba ya mji wao kila Jumamosi. Shida ni kwamba saiba hiyo ilikuwa ya mpwa wa yule mume, kijana anayezijua kompyuta, anayesoma barua za watu wakishatoka, na anayejua kuzigeuza mgongo.

Nikamwita Mzee Kioko. Akasikiliza, akafunga kifungo ambacho kilikuwa tayari kimefungwa, akasema, "Hii ndiyo kazi yenyewe."

Basi kila Alhamisi tukawa tunaandika. Barua zilipita ng'ambo zikamfikia mwalimu bila jina. Majibu yalikuja kwa sanduku la barua pepe ambalo Mzee Kioko alilifungua, jina lake herufi na namba tu, lisilo la mtu yeyote. Mwanzoni nilikuwa naandika mimi. Baadaye Rispa akasema hapana, anataka mtoto asome maneno yaliyoguswa na mama yake, hata kama ni kwa mashine. Akajifunza. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, kidole kimoja, huku ulimi ukichungulia kando ya mdomo. Barua ya mistari sita ilimchukua saa nzima na sikuwahi kumharakisha. Yeye naye alituletea nduma za kuchemsha kwenye mfuko, za Mzee Kioko, eti anakonda.

Siku jibu la kwanza la Nafula lilipokuja, limeandikwa na mwalimu kama mtoto alivyosema, Rispa aliniomba nimsomee mara nne. Mtoto aliuliza tu, "Mama, unalala wapi, na kuna blanketi?" Mimi nililia. Rispa alicheka, akaziba mdomo, halafu akaweka kichwa kwa meza, na tukamwacha.

Sasa kosa. Wiki moja jino lilinisumbua nikakaa nyumbani siku mbili. Nikiwa sipo, Mwaura akapata wazo. Kila barua inayotoka saiba yake iwe tangazo la bure! Akaweka mkia kwa kompyuta zote nane: jina la saiba, jengo, orofa ya tatu, karibu na stendi ya magari ya Kawangware na Lavington, karibuni nyote. Alikuwa anafurahi kama mtoto, sasa ningemlaumu vipi? Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Rispa. Lakini pia hakuna aliyeniambia habari za mkia, na unapoandika ulikuwa hauonekani. Ulijibandika barua ikishaondoka.

Alhamisi hiyo nikaandika koloni zangu mbili, nikaandika anwani, nikaruka ile ya kukata kama nilivyozoea, nikaacha mstari mtupu. Rispa akapiga barua yake. Nikatuma tu.

Alhamisi iliyofuata asubuhi nilifungua lile sanduku. Mwalimu hakuwa amengoja Jumamosi; alikuwa ameandika mistari mitatu. Nafula hakuwa darasani tangu jana. Baba yake amesafiri naye kuja Nairobi. Barua ya mwisho ilikuwa na anwani yenu chini, na yule kijana wa saiba alichapisha nakala mbili.

Sijui niwaambie nini juu ya dakika hiyo. Nilimwita Mzee Kioko, akasoma, akaniangalia. Ningependa angenigombeza. Nikauliza, "Nimpigie simu kwa mwajiri?" Akasema, "Na yule mama akiinua ya chumbani?" Tukapiga hata hivyo. Bawabu ndiye aliyepokea, akasema Rispa ametumwa sokoni na kutoka huko ataunganisha aje mjini, ruhusa yake. Saa nane atakuwa kwetu.

Saa sita na kitu, wakaingia.

Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mtu wa heshima, koti lake safi, sauti ya chini. Alimshika mtoto mkono vizuri tu. Mtoto alikuwa na sweta ya shule, ya kijani, na soksi moja imeteremka. "Habari yako, mama," akaniambia. "Namtafuta mama wa huyu mtoto. Barua zake zinatoka hapa." Akafunua karatasi, na chini kabisa nikauona mkia wetu, karibuni nyote.

"Wateja ni wengi, baba," nikasema. "Wengine huwa hatujui majina."

"Si kitu. Tutangoja." Akavuta kiti akakiweka kuelekea mlango. "Yeye akiona mtoto atakuja tu."

Alilisema hilo kwa upole, na hapo ndipo nilipomwogopa. Alikuwa amemleta mtoto kama chambo, usiku kucha kwenye basi, na alikuwa na hakika kwamba itafanya kazi. Hata mimi nilikuwa na hakika hiyo.

Mzee Kioko akamwendea Nafula, akainama. "Unajua kucheza karata kwa kompyuta? Kuja nikuonyeshe." Akamkalisha kwenye kompyuta namba nne, ile ya kona. Baba akatazama, akaona hakuna ubaya, akarudisha macho mlangoni. Ilipofika saa nane kasorobo nikasema kwa sauti kwamba karatasi za printa zimeisha, nikachukua mkoba, nikashuka zile ngazi.

Nilimkuta Rispa stendi, anashuka, mfuko wa nduma mkononi. Nikamshika mkono.

"Rispa, usipande."

"Kuna nini, madam?"

"Yuko juu."

Akachutama pale pale na mfuko wake. Nikamshikilia. Nikamwambia la pili, maana hakukuwa na namna ya kulificha. "Na Nafula yuko na yeye."

Hapo akasimama. Wee, yule mwanamke mdogo akawa na nguvu za watu watatu. Akaanza kwenda kwa jengo, mimi nimemshika sketi kiunoni. "Niwache nipande! Anipige tu, si alishanipiga? Niwache nimwone mtoto wangu!"

Mimi ni mtu wa mwili, mnanijua. Nikasimama mbele yake nikawa ukuta. "Ukipanda saa hii mtarudi wote wawili, na safari hii hutatoka. Ukibaki kuna siku ya kumtoa. Lakini leo utaongea naye. Nisikize."

Ukivuka barabara, orofa ya pili, kulikuwa na saiba ya mwanamke mmoja tuliyemwita Mama Shiro. Tulikuwa hatusalimiani, tangu aninyang'anye wateja wa chuo kwa kuwaambia kompyuta zetu zina virusi. Nikaingia nikihema, nimemshika Rispa. "Mama Shiro, nipe kiti kimoja, na usiniulize." Aliniangalia mimi, akamwangalia Rispa. Akainuka, akavuta kiti, akageuza skrini ikaelekea ukuta bila kuambiwa. Tangu siku hiyo nikawa namsalimia, na virusi nikamsamehe.

Njia ya ng'ambo isingefaa, ingekawia mpaka magharibi. Rispa angetuma moja kwa moja kwa lile sanduku letu. Nikamwambia aandike fupi. Nikarudi kwetu na rimu ya karatasi nisiyoihitaji.

Sasa nitawapa ujuzi mmoja ambao hamtaupata kwa kozi yoyote. Ukitaka mtoto asome kitu na mtu mzima aliye karibu asikisome, punguza maandishi mpaka mwisho. Mtoto ana macho. Mtu wa miaka arobaini na tano bila miwani anaona kunguni wanatembea. Nikamwendea Nafula, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Haya, karata zimetosha, wacha nikupatie maswali ya hesabu." Nikalifungua sanduku, nikayapunguza maandishi, nikasimama kando kwa mwili wangu wote.

Barua ilisema hivi: "Nafula ni mama. Usiinue kichwa. Usilie. Niko karibu sana. Sikukuacha. Nilikosa nguvu ya kukubeba. Kila siku nakuombea saa ya kulala. Ukitaka nipande juu nitapanda. Niambie."

Mtoto alisoma. Midomo haikusogea. Kichwa hakikuinuka.

"Unasoma nini?" baba akauliza kutoka mlangoni.

"Hesabu," akasema.

Baba akaja. Akasimama nyuma yetu, akainama, akakunja uso. Akakaza macho kidogo, akarudi kwa kiti chake. "Mfundishe," akaniambia. "Huyu ana akili."

Nikamwonyesha mahali pa kujibu. Alikuwa hajawahi kugusa kibodi. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole, na haki ya Mungu, ulimi ulichungulia kando ya mdomo. Aliandika:

"mama usikuje. baba amesema ukirudi hatakupiga. alisema hivyo pia kabla ya mkono. mwalimu anajua mahali nalala. nimekuwa namba tatu darasani."

Nikatuma. Halafu nikaenda chooni nikafungulia maji ili nisisikike.

Walingoja mpaka saa kumi na moja. Baba alinishukuru kwa kumshughulikia mtoto, na nilimjibu karibu, kwa sababu ningesema nini kingine. Mama Shiro ndiye aliyenisimulia yaliyobaki: kwamba Rispa alisimama dirishani kwake akawaona wakivuka barabara, sweta ya kijani na ile soksi, wakapita chini kabisa ya dirisha. Mtoto hakutazama juu hata mara moja. Mama yake alikuwa amemwambia asiinue kichwa.

Najua mnauliza, na siwezi kuwaacha roho juu. Mwalimu hakuchoka. Alienda kwa ofisi ya watoto akaenda tena, akawapeleka majirani wakaongea, na baada ya mwaka na zaidi Nafula aliletwa kwa mama yake kwa karatasi zenye muhuri. Rispa alikuwa amehamia kwa mwajiri mwingine, Kileleshwa, aliyekuwa na chumba cha nyuma. Nafula sasa ni mtu mzima, na akinipigia simu huniita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, ingawa mimi si Mluhya wala yeye si Mkikuyu.

Lakini kuna Alhamisi moja katikati ambayo bado sijaisema, ile iliyofuata siku hiyo ya sweta ya kijani. Rispa alikuwa hajui mume wake alitufikiaje. Alidhani ni yule mpwa na ujanja wake, na nilikuwa nimemwacha adhani hivyo. Wiki nzima nilijiambia, kuna faida gani kumwambia? Si yameisha? Nikamuuliza Mzee Kioko. Akasema, "Anaweka maisha yake kwa vidole vyako, halafu hajui vidole vilifanya nini?" Nilimkasirikia siku nzima.

Rispa alipoketi, nikamwambia. Sikupamba. Nilimwonyesha ule mkia, nikamwonyesha mstari niliouruka, nikamwambia Mwaura aliuweka lakini kuukata ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya kwa uvivu tu. Nikasema, "Nisamehe. Na ukitaka kwenda kwa Mama Shiro, nitakupeleka mwenyewe."

Aliutazama ule mkia kwenye skrini. Nilisikia sahani za hoteli kule chini. Mwishowe akasema, "Madam, ni wewe ulimleta. Na ni wewe ulinifanya niongee na mtoto wangu. Sijui nikutukane ama nikushukuru."

"Fanya unavyoona," nikamwambia.

Akanitukana. Kwa Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma, pole pole, huku akinitazama machoni, na ingawa sikuelewa neno, nililielewa lote. Wateja wakageuka. Mzee Kioko akatazama nyaya. Alipomaliza akanishika mkono kwa ule wake wenye vidole viwili visivyokunjika, akanishika kwa nguvu mpaka nikaumia, na hakuuachilia haraka.

Halafu akavuta kiti karibu. Akaandika mwenyewe koloni mbili, akaandika anwani, akaandika ile ya kukata, akaacha mstari mtupu. Akapiga barua yake kwa saa nzima, akaweka vistari viwili mwishoni. Nilipopeleka mkono kwa kipanya, akausukuma kando.

"Tuma kwetu kwanza," akasema. "Nione vile inafika."

Tukajitumia wenyewe, kupitia kule kule ng'ambo, tukangoja. Tulikula nduma, sote watatu, saa yangu ya kutoka ikapita, na saa kumi na mbili na nusu jioni barua ikaingia. Akaifungua, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, akaendelea kushuka hata maneno yalipokwisha, ukurasa mtupu ukipita mbele ya macho yetu. Hakukuwa na kitu.

"Sasa tuma," akaniambia.